Nyota ya Swali la Kumi na Nne

Tarehe 9, mwezi wa tisa. Butembo

Nimetia sahihi mkataba. Miezi mitatu, mshahara wa haki, na kichwa kitakachoniuma mpaka Noeli. Ofisi yetu iko mtaa wa Kimemi, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Kila wanapojaribu injini huko chini sisi tunanyamaza, tunangoja, kisha tunaendelea na mkutano.

Kazi yenyewe ni hii. Kule Mabalako kuna mutuelle ya afya, mfuko wa kuchangia matibabu. Familia inalipa mchango wake mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno ya kakao, na kupewa kadi. Mfadhili wa ng'ambo anaongeza kiasi kilekile. Mwenye kadi akiugua analipa sehemu ndogo tu ya bili. Ni familia elfu moja na mia moja. Sasa mfadhili ameingiwa na mashaka, anataka ushahidi. Tutauliza nyumba mia sita, nusu zenye kadi na nusu zisizo nayo, zimetumia pesa ngapi kwa matibabu. Ikiwa wenye kadi wametumia kidogo zaidi, na mashine ya hesabu ikatia nyota pembeni ya tofauti hiyo kuonyesha kwamba si bahati tu, pesa zitaendelea miaka miwili. Nyota isipoonekana, zinakoma tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili. Mkataba hauna neno la katikati.

"Madame Rébecca," aliniambia Melchior, mkuu wa ofisi, "ile étoile, ile nyota, tuko nayo lazima."

"Chef, étoile hapana kuombwa. Inakuya ao haikuye."

Alicheka. Nimefundisha takwimu miaka kumi na mmoja na sijawahi kuona mtu akicheka vile bila kuniletea matatizo baadaye.

Tarehe 11

Nimemaliza kuandika maswali. Ninalipenda la kumi na nne kuliko yote, maana ndilo kazi nzima: "Katika miezi mitatu iliyopita, nyumba yenu ilitumia pesa ngapi kwa matibabu?" Fupi, safi, hata mtoto analielewa. Melchior alitaka kuongeza maneno, nikamkatalia.

Tarehe 12

Mvua tangu asubuhi. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, hakuna kazi.

Tarehe 16. Mangina

Tumefika Mangina, mji wa hiyo Mabalako, jana jioni kupitia Beni, matope mpaka magotini. Wauliza maswali wangu ni kumi. Aliye bora ni Papa Manassé, muuguzi mstaafu, mtu wa miaka sitini na miwili anayeandika namba kwa mwandiko wa vitabu vya ubatizo.

Leo nimekutana na rais wa mutuelle, Mama Berthe. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa nyuma yetu kwa gumboti na mwavuli, nyumba hadi nyumba. Yeye ndiye aliyeianzisha mutuelle hii miaka tisa iliyopita na familia kumi na nne za parokia yake, na anatembea nayo kama mtu aliyebeba yai. Nilivumilia mpaka nyumba ya tano.

"Mama Berthe, hizi nyumba zimechaguliwa na kura. Ukikuwa hapa, batu batasema tu ile unapenda kusikia."

"Na mukibakia nyinyi peke yenu, mwalimu, batasema ile nyinyi munapenda?"

"Batasema kweli."

"Aya. Miye ninabaonyesha njia tu. Batu bako habajue njia."

Akaendelea kutuonyesha njia tusizoziuliza. Naandika hapa ili nisisahau: nashuku anawafundisha watu majibu. Ikiwa hivyo, namba zangu zote ni takataka, na nitamlaumu yeye kwa jina.

Tarehe 18

Nyumba arobaini na mbili. Mvua saa nane kamili, kama ina saa.

Tarehe 20

Nyumba kumi na saba tu. Watu wamechoka na karatasi tangu enzi za Ebola. Mzee mmoja alisema yeye ameshaulizwa maswali mengi kuliko mwizi, na bado hajaachiliwa. Nilicheka, halafu nikaona hacheki.

Tarehe 25

Leo nilikwenda na Papa Manassé kwenye nyumba isiyo na kadi. Mama mwenye nyumba alikuwa akigeuza kakao juu ya bache, turubai la kuanikia, haraka haraka, maana wingu lilikuwa limeshasimama. Ndani, mlangoni, mume wake amelala kwenye mkeka, bandeji tumboni.

Swali la kumi na nne. Mama akajibu: "Zéro."

"Na baba huyu?" aliuliza Manassé.

"Balimupasula kwezi iliyopita."

"Mulilipa ngapi?"

"Sisi? Sisi hatukulipa kitu, papa. Tutatosha wapi pesa?"

Manassé alinigeukia na kalamu yake hewani. Tone la kwanza la mvua likaniangukia kwenye karatasi.

"Andika ile anasema, papa. Hatuweke maneno mu kinywa ya batu."

Akaandika 0, mwandiko mzuri wa kanisani.

Tarehe 3, mwezi wa kumi. Beni

Dada yangu Kanyere amepasuliwa hapa Beni, utumbo ulikuwa umejikunja. Hana kadi ya aina yoyote. Kaka yetu mkubwa aliita familia, akamtajia kila mmoja fungu lake kama kawaida yetu: mwenye mshahara pesa, mwenye shamba mbuzi au kakao, mwenye pikipiki safari. Fungu langu dola themanini. Nimetoa. Kanyere anaendelea vizuri, anaomba foufou, ugali wetu, na amekatazwa, kwa hiyo anatugombeza wote.

Tarehe 7

Barabara ya Mangina imefungwa. Risasi zilisikika upande wa msitu, wanajeshi hawaruhusu mtu kupita.

Tarehe 8

Bado.

Tarehe 9

Bado. Melchior anapiga simu kuuliza kama "ninaendelea". Ninaendelea kukaa.

Tarehe 14. Mangina

Nyumba ya mia sita imejazwa saa tisa mchana. Mama Berthe alituletea ndizi na maharage kwa watu kumi na mmoja na hakukubali hata ahsante. Sijaona ushahidi wowote kwamba alifundisha watu. Nilikagua fomu arobaini kwa mkono wangu, na majibu ya wenye kadi yamechafuka na kupingana kama ya watu wengine wote. Ilibidi niliandike hilo pia, kwa kuwa lile la kwanza nililiandika.

Tarehe 21. Butembo

Namba zimetoka.

Wasio na kadi: faranga elfu sitini na moja kwa nyumba, miezi mitatu. Wenye kadi: elfu hamsini na mbili. Tofauti elfu tisa, na upande wake ndio ule tuliotaka. Nilishuka na macho mpaka ukingo wa mstari kutafuta nyota. Pembeni ya namba yangu palikuwa pameandikwa 0,08 na baada yake weupe wa karatasi.

Nimejaribu kumweleza Melchior, na alinisikiliza kama mtu anayesikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine. Nitajieleza mwenyewe basi. Mashine hainiambii kama mutuelle inafaa au haifai. Inaniambia jambo dogo zaidi: tuseme kadi haibadilishi kitu chochote, nyumba zote ni sawa, ni mara ngapi katika mia bahati ya kura ingetuokotea pengo la elfu tisa au zaidi? Mara nane. Mfadhili alitaka zisizidi tano. Nani aliamua tano? Si Mungu, si Mama Berthe. Ni desturi ya wanatakwimu, tumeirithi, na mimi mwenyewe nimewakata wanafunzi maksi kwa ajili yake. Leo inakata familia elfu moja na mia moja, na hasira inanipanda hata nikiosha vyombo.

Inaniudhi zaidi kwamba siamini namba hizi na sijui kwa nini. Elfu tisa ni ndogo mno. Mtu akipasuliwa bila kadi ni mamia ya dola. Ziko wapi zile dola?

Tarehe 23

Melchior amepata nyota. Alinifungulia kompyuta yake kwa furaha ya mtu aliyeokota simu sokoni.

"Angalia, prof. Banamuke, chini ya miaka makumi tatu na tano, wenye shamba ya kakao. Zéro virgule zéro trois, tatu tu mu mia! Na étoile iko pale!"

"Chef, umekata mafungu ngapi mbele ya kupata hii?"

"Sikuhesabu."

"Makumi mbili?"

"Kama vile. Lakini kitu inapatikana, inapatikana."

Nilimwambia kwamba ukikata data mafungu ishirini, hata pasipo na kitu chochote unatarajia moja likuletee nyota kwa bahati tu. Umeipata kwa sababu hukuchoka kutafuta. Akasema mfadhili hatauliza. Nikasema ni mimi nitakayeweka sahihi. Akasema, taratibu sasa, bila kucheka: "Na wale ba mama ba Mangina, utabalisha na sahihi yako?"

Nimerudi nyumbani Vulamba kwa miguu, nikakosea njia ninayoipita kila siku.

Tarehe 25

Mama Berthe amepiga simu mara nne. Sikupokea.

Tarehe 28

Leo nimejifahamu, na sijafurahi.

Ofisi inataka tuwapigie simu watu thelathini kuhakikisha majibu yao, na tumeletewa vibao vipya vya kuandikia, vile vya umeme vya kugusa kioo. Papa Manassé, ambaye vidole vyake havisikilizani na kioo, aliniomba afanye mazoezi kwangu kwanza. Nikakaa kwenye kiti cha mwulizwa, nikala karanga zake huku nikijibu. Watu wangapi nyumbani. Maji ya wapi. Kadi hakuna. Tukafika la kumi na nne.

"Mama superviseur, mu miezi tatu imepita, nyumba yenu ilitumia makuta ngapi juu ya matunzo?"

"Zéro."

Akaandika. Halafu akavua miwani yake.

"Na dada yako wa Beni?"

"Ile haiko matunzo ya nyumba yangu, papa. Ile nilitoa tu."

Nilisikia maneno yangu baada ya kuyasema. Papa Manassé alifuta miwani kwa shati lake. Dola themanini, mwezi huuhuu, kwa ajili ya mtu aliyefunguliwa tumbo, na mimi niliyeliandika swali nimelijibu sifuri kwa moyo mweupe. Sikudanganya. Kwetu fungu la mgonjwa halihesabiwi matumizi. Ni kutoa, kama unavyotoa kwenye msiba, na anayelihesabu anaonekana mtu wa ajabu. Tena Kanyere naye ukimwuliza atasema hakulipa kitu, na ni kweli, hakulipa. Bili yake imelipwa na nyumba tisa na haiandikwi katika nyumba hata moja.

Yule baba wa Mangina na bandeji yake. "Tutatosha wapi?" Mke wake alikuwa ananiambia mbele ya uso wangu, na mimi nikaikimbia mvua. Mimi Mnande wa hapahapa, mwalimu, mtoto wa familia ya watu tisa, nimeandika swali la mtu asiyekuwa na ndugu. Naona haya hata kuandika hapa.

Tarehe 30

Siku mbili za kuzozana na nafsi yangu, maana kurudi kuuliza si jambo dogo. Nikirudi kwa sababu jibu la kwanza halikunipendeza, nina tofauti gani na Melchior na mafungu yake ishirini?

Nimeamua hivi. Tunapiga kura nyumba mia moja na ishirini kati ya zile mia sita, nusu kwa nusu, kadi na bila kadi. Swali jipya ni moja kwa wote: katika miezi mitatu iliyopita mlitoa nini, pesa, mbuzi, kakao, kwa ajili ya mgonjwa yeyote, wa nyumba hii au wa nyumba nyingine? Kabla ya kutoka ofisini mimi na Melchior tunaandika karatasi na kuitia sahihi kwamba jibu la safari hii ndilo litakalokwenda kwenye ripoti, liwe zuri liwe baya.

Melchior ametia sahihi haraka. Anadhani matumizi ya wasio na kadi yatapanda mpaka mawinguni. Kusema kweli, na mimi nadhani hivyo.

Nimempigia Mama Berthe. Alilia kidogo kwenye simu, akasema "Wasingya, wasingya", asante kwa Kinande, akaahidi safari hii hatatufuata.

Tarehe 6, mwezi wa kumi na moja. Mangina

Hakutufuata. Alikaa kwenye kibaraza chake ng'ambo ya barabara, akituangalia siku nzima.

Tarehe 8

Mvua. Nyumba nane. Viatu vyangu vimekufa.

Tarehe 9

Leo Julie, mama mwenye kadi, mkulima wa kakao, alinihesabia kwa vidole. Mume wa dada yake alipovunjika mguu, gunia nusu. Mtoto wa mjomba, typhoïde, faranga elfu thelathini. Mwimbaji mwenzake wa kwaya, kuku wawili.

"Mama Julie, wewe uko na carte. Wewe mwenyewe ulitumia ngapi?"

"Miye? Kidogo sana. Ndiyo maana bananikujia. Banasema, 'Wewe carte inakulinda, hauna mizigo, saidia.' Nitasema nini?"

Niliandika yote. Kwa mara ya kwanza nimeogopa namba kabla hazijatoka.

Tarehe 10

Wengine watatu wamesema kama Julie.

Tarehe 12

Tumemaliza. Mama Berthe aliniuliza tu kama ninakula vizuri.

Tarehe 15. Butembo

Wasio na kadi: elfu mia moja na nne. Wenye kadi: elfu tisini na tisa.

Matumizi yamekaribia kuwa maradufu pande zote mbili na pengo limepungua, elfu tano tu. Mashine imeandika 0,31. Ndiyo kusema, hata kadi ingekuwa karatasi ya kufungia karanga, bahati ingetupa pengo kama hili mara thelathini na moja katika mia. Nyumba mia moja na ishirini ni chache, jicho letu safari hii ni hafifu zaidi, nalijua hilo na nitaliandika. Lakini siwezi kujificha nyuma yake.

Naelewa sasa, na uelewa wenyewe ni mchungu. Mutuelle inafanya kazi. Inamkinga Julie na bili zake. Halafu kile alichookoa kinaondoka kwa miguu kwenda kwa shemeji, kwa mjomba, kwa kwaya, kwa sababu hao hawana kadi. Tulipima kama nyumba inabaki na pesa. Nyumba gani hapa inabaki na pesa wakati ndugu amelazwa? Kama kila mtu angekuwa na kadi, pengo lingeonekana, ila wakati huo asingekuwepo wa kulinganishwa naye. Nimecheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya.

Tarehe 17

Melchior anataka kuitupa safari ya pili.

"Tunarudia ile ya kwanza, na banamuke ba kakao. Hakuna mutu anajua kama tulirudi kule."

"Batu mia moja na makumi mbili banajua. Na ile karatasi, ulitia sahihi."

"Karatasi ni yetu, prof. Inaweza kupotea." Alisogeza kiti chake karibu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Sikia. Miye sitafuti kitu yangu hapa. Mutu wa pesa anataka étoile, tumupatie étoile, ba mama babakie na carte. Ni nani anaumia?"

Nilisema tu kwamba mwaka kesho mwingine atakuja kupima tena, na kwamba nikidanganya leo sitajua tena ninaposema kweli. Yalisikika maneno ya darasani hata masikioni mwangu. Nimeondoka na karatasi kwenye mkoba.

Tarehe 22

Ripoti imekwenda na namba zote mbili, na kurasa tatu za kueleza pesa zinakwenda wapi. Sijalala vizuri wiki nzima.

Tarehe 29

Mkutano wa matokeo, ukumbi wa hoteli hapa Butembo, vikombe vya chai na maua ya plastiki. Kurasa zangu tatu hazikuwepo. Melchior alisema alizikata "juu ya urefu", kwamba bila nyota mfadhili anataka neno moja tu. Kwenye ukuta paliwekwa sentensi moja: Mutuelle haina faida kwa matumizi ya familia.

Nilisimama bila kuitwa. Nilisema hatukukuta kwamba haina faida. Tulishindwa kuiona faida kwa kipimo hiki, na hayo ni mambo mawili. Nilisema pesa za akiba zinatoka kwenda kwa wasio na kadi. Nilisema hatukuuliza hata mara moja wanawake wangapi wenye kadi wanazalia kituo cha afya. Mjumbe wa mfadhili, mtu wa adabu, alinishukuru kwa "ufafanuzi wa kiufundi", akauliza kama kuna nyota.

"Hapana," nikasema.

Basi. Akatazama saa yake, chai ikaletwa. Hakuna aliyekaa karibu nami.

Tarehe 30

Nimempigia Mama Berthe mwenyewe, nikamwambia yote: nyota ya Melchior, karatasi, safari ya pili. Sikuficha kwamba ningeweza kunyamaza na pesa zikaendelea.

Nilisikia kuku wake.

"Donc, kumbe ilikuwa mu mikono yako."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka jana, mwalimu, mama hata mumoja wa kwetu hakuzalia mu shamba. Hata mumoja. Ile muliandika wapi?"

"Hatukuuliza."

"Hamukuuliza." Akavuta pumzi. "Miye nilikupikia, nikakaa ku kibaraza kama ulisema. Nilizani ukijua kweli yetu, utaikamata na mikono mbili."

"Niliikamata, mama. Ilikuwa nzito upande ingine."

Alikata simu. Mwanzoni mwa msimu nilimwona msumbufu mwenye gumboti. Leo naona nimemtendea mtu mzima jambo ambalo sina dawa yake, na bado sijui ningetenda nini kingine.

Tarehe 4, mwezi wa kumi na mbili

Ujumbe mmoja kutoka kwake: "Dimanche assemblée. Ukuye utuhesabie." Mkutano wa wanachama Jumapili, basi, bila salamu.

Tarehe 8. Mangina

Ukumbi wa parokia ulijaa, wengine wamesimama madirishani chini ya miavuli. Wakatoliki walitoka misani moja kwa moja. Waprotestanti walichelewa kwa kuwa ibada yao ni ndefu, nasi tukawangoja kama inavyostahili. Mvua ilipiga mabati mpaka Mama Berthe akalazimika kupanda juu ya benchi.

Hakunitaja. Aliwaambia pesa za ng'ambo zimekwisha, kwamba yeye na muuguzi mkuu wa kituo wamekaa usiku mzima, na kwamba kinachowezekana ni hiki: mchango unakuwa maradufu, upasuaji unatoka kwenye kadi, inabaki uzazi na watoto chini ya miaka mitano. Na hata hicho kinahitaji familia mia tatu. Chini ya mia tatu, wanafunga.

Mama mmoja wa mbele alisimama. Alikuwa na kitambaa shingoni kilichofunika uvimbe mkubwa wa koo. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba ni Kavira, mjane, wanawe wote wameshaoa.

"Mama présidente, na miye? Docteur alinipa tarehe kumi na ine ya kwezi ya kwanza, ya kunipasula."

"Yako haiko tena ndani, Kavira." Mama Berthe hakuangalia pembeni. "Unisamehe."

Kavira alikaa. Nilitamani kutoka nje na sikuwa na haki ya kutoka.

"Wenye banabakia, bainue mukono, nyumba moja mukono moja. Mwalimu, hesabu."

Nilipita safu hadi safu nikigusa kila mkono kwa kalamu ili nisikosee. Mkono wa Kavira ulikuwa juu. Hana mtoto chini ya miaka mitano na hatazaa tena. Nilisimama mbele yake, nikiamini hakuelewa, akaniambia taratibu, "Nimesikia, mwalimu. Hesabu." Nikamgusa kwa kalamu, nikaendelea.

Nilihesabu mara mbili. Mia mbili themanini na saba.

Nilimpelekea Mama Berthe namba kwenye kikaratasi. Aliisoma, akainama kutoka kwenye benchi mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, mara ya kwanza kunitazama siku hiyo.

"Kati ya hii na mia tatu," akauliza, "ile tofauti ni kubwa ao ni kidogo?"

Hakuna mashine ya kujibu swali lile. Kumi na tatu pungufu ni kumi na tatu pungufu, na nilijua mwezi wa nne au wa tano dawa zitakwisha kituoni kwa ajili ya hizo kumi na tatu.

"Ni kidogo, mama," nikasema. "Muanze."

Aliniangalia kama anayepima ni sahihi ya namna gani ninayompa. Halafu akanyoosha mgongo, akasoma namba kwa sauti mbele ya watu wote, akaagiza meza iletwe kwa ajili ya wanaotaka kulipa leoleo. Mstari ulifika mpaka nje kwenye mvua. Kavira alikuwa wa nne.